Rivasi

Gari hili lilikuwa la mikate.
Ubavuni jina la mwenyewe linasomeka nusu,
na nikifungua mlango wa nyuma asubuhi
hamira hunisalimu kabla ya bahari.
Godoro la sponji, jiko la gesi la jicho moja,
sufuria imening'inia kwenye ndoano
ikiyumba kila kona
kama abiria aliyekosa kiti.

Miaka thelathini na miwili niliendesha basi,
Lugo hadi Monforte, Monforte hadi Lugo,
ng'ombe, ukungu, shule, hospitali.
Bahari niliijua kwa abiria
waliorudi likizo na mchanga viatuni.
Mchanga wao nilifagia mimi.

Sasa zamu ni yangu, na ratiba sina.
Malpica nilifika saa nisiyoijua,
nikala mkate na dagaa wa kopo juu ya ukuta wa bandari,
nikimtazama kijana akipaka mashua rangi
ileile iliyokuwepo.

Lakini mazoea yana taabu.
Kila nikiona kibanda cha kituo
mguu wa kulia unakanyaga breki wenyewe.
Nasimama. Nafungua mlango. Nangoja.
Mikaratusi tu inadondosha mvua ya jana,
na bango la nauli limeliwa na chumvi.
Nafunga, naondoka, na aibu kidogo.
Kwenye kioo cha juu nahesabu vichwa:
godoro, sufuria, godoro.

Baada ya Camelle, kituo cha nane au cha tisa,
mtu akapanda.
Mwanamke wa makamo, suti ya mpira hadi shingoni,
magoti yamechanika, ndoo mkononi,
maji yakimchuruzika juu ya busati langu.
"Umechelewa," akasema.
"Miaka mitano."
Akaketi juu ya kreti la viazi, uso dirishani.
"Kampuni inaomba radhi," nikajibu,
kwa ile sauti yangu ya kazini.

Jina lake Delmira. Huchuma persebes,
wale viumbe wa mwambani wenye kucha kama za kobe,
pale hasa wimbi linapopasukia.
"Kuna wimbi la kuchuma na kuna wimbi la kukimbia,
na una pumzi moja ya kuyatofautisha."
Kidole chake cha shahada hakikuwa na ukucha.
Sikuuliza.

Tulikwenda kilomita kumi na moja bila redio.
Penye ghala la mahindi, la mawe, lenye miguu ya mawe,
akagonga ubao: hapa.
Akachota ndooni, akanihesabia kiganjani
kumi na wawili, baridi, weusi.
"Nauli."
"Chenji je?"
Ndipo akacheka, akashuka, hakugeuka.

Usiku, karibu na mnara wa taa, nikachemsha maji ya chumvi.
Persebes huiva kwa urefu wa Baba Yetu mmoja, alinifundisha.
Nilisahau katikati, nikaanza upya,
wakaiva kupita kiasi.
Nilipomvunja wa kwanza alinitemea maji
kwenye kola ya shati la sare,
ambalo ningali nalivaa, lina mifuko mizuri.

Saa kumi na moja alfajiri mwili ukaamka.
Wenyewe haujastaafu.
Barabara ikazunguka rasi, na kwa kupepesa jicho
nikaona chini: ghuba ndogo, maji ya kijani cha chupa,
farasi mweupe ndani yake, amezama hadi magotini.
Nikapita.

Basi halirudi nyuma, ndivyo tulivyofunzwa.
Umempita mtu, umempita;
mbele yupo mwingine amenyoosha mkono.
Nilikwenda mita mia mbili hivi.
Hakukuwa na kibanda. Hakukuwa na mtu.
Nikakanyaga breki, nikatia rivasi,
shingo imegeuka hadi mshipa ukauma,
sufuria ikigonga ukuta, gari likilia kama mbuzi,
polepole, upande mbovu wa barabara,
nikarudi.

Farasi alikuwa ameshatoka.
Maji yalikuwa bado yanajifunga
mahali alipokuwa amesimama.
Nikafungua mlango.